Faili Zilizomsubiri Msomaji

Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hakuwa na gari, wala kitambi cha kumpa heshima ofisini, wala sauti ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa ukumbi. Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Ndugu wa kiume hakujaliwa kumpata, na rafiki wa kumwambia "Hapa umechemsha, bwana" akasikilizwa, huyo naye hakuwepo. Na katika miaka yote aliyoitunza hifadhidata ya hospitali, hakuwa na kosa hata moja lililoandikwa kwenye jalada lake.

Hilo la mwisho ndilo alilolipenda. Mengine aliyokosa aliyachukulia kuwa mambo ya bahati, lakini jalada safi alikuwa amelitengeneza mwenyewe, kwa jasho lake, kama seremala anavyopiga randa meza mpaka mkono uteleze juu yake. Wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa alikuwa hapitishi amri yoyote kwenye kompyuta bila kuisoma tena mpaka nukta ya mwisho. Walimwita hivyo kwa kumtania. Yeye alilipokea jina kama nishani.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa chini, kimebanwa kati ya stoo ya mashuka na ngazi. Humo ndimo ilimokaa seva, kompyuta kubwa isiyozimwa, iliyobeba majina ya wagonjwa wote, vipimo vyao, dawa zao na vitanda walivyolalia. Kiyoyozi kilivuma kutwa. Nukta alivaa sweta humo ndani hata wakati watu wa nje walipokuwa wanajipepea kwa magazeti.

Siku mapokezi yalipoganda kwa mara ya kwanza, aliyekuja kumgongea alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alifanya kazi chumba cha eksirei, na hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mama Picha. Picha zote za mifupa na mapafu zilipita mikononi mwake na kuhifadhiwa kwenye diski ileile ya seva.

"Shemeji, hilo lidude lako limekula nini? Mapokezi hawawezi kuandika hata jina la mtu."

Nukta alikwisha kuona. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na hifadhidata inapokosa nafasi ya kuandika husimama, haiendi mbele wala nyuma.

"Limekula picha zako," akamjibu. "Zipunguze."

"Nizipunguze vipi? Nizikate miguu?"

"Futa za zamani. Za watu waliokwisha kupona."

"Nani kakwambia wamepona? Mimi napiga picha, shemeji, sipigi ramli."

"Foleni imefika getini. Kuna watoto wanalia huko nje. Futa. Likitokea la kutokea, mimi nipo."

Mama Picha alimtazama kidogo, akacheka, akasema, "Haya, mzee wa nukta ukisema wewe nani abishe," akaenda kufuta.

Hapo ndipo Nukta alipotenda jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kulitenda. Alikisia. Alikuwa na amri ya kupima folda moja baada ya nyingine na kuonyesha kila moja imekula nafasi kiasi gani. Angeiandika, jibu lingekuja kabla chai haijapoa. Hakuiandika. Picha ni nzito, kila mtu anajua, na hilo lilimtosha.

Mapokezi yakaendelea. Nukta akapewa pongezi, akazipokea kwa kuinamisha kichwa kama ilivyokuwa kawaida yake. Wiki haikwisha, diski ikajaa tena.

Safari hii aliyeshuka ngazi alikuwa Katibu wa hospitali mwenyewe, mtu mrefu aliyezoea kuzungumza huku anatazama saa yake. Nyuma yake alimleta Mama Picha.

"Huyu aliambiwa apunguze picha," Katibu alisema, "na diski imejaa vilevile. Halafu daktari wa mifupa ananiletea malalamiko kwamba picha za wagonjwa wake hazionekani. Mama, umezifanya nini?"

"Nilizifuta, Bwana Katibu. Shemeji ndiye aliyeniambia nizifute."

Katibu akamgeukia Nukta. "Ulimwambia afute?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lake lilikuwa fupi kuliko swali.

"Nilimwambia apunguze," akasema.

Hakuwa amesema uongo. Neno hilo alilitamka kweli siku ile, lilikuwa la kwanza. La pili alilimeza. Mama Picha aligeuza shingo taratibu akamwangalia.

"Kupunguza si kufuta," Katibu alisema. "Kuna diski za akiba, ungezihamishia huko. Mali ya wagonjwa haifutwi kama vumbi mezani. Mama, utakaa nyumbani mpaka Kamati ya Nidhamu ikuite. Una mambo mawili ya kujibu: umeharibu kumbukumbu, na umejaza diski mpaka hospitali imesimama."

Walipoondoka, Nukta alibaki na kiyoyozi chake. Alijiambia kwamba kama angemtetea, watu wangesema anambeba kwa sababu ni shemeji yake. Alijiambia kwamba kamati ina watu wenye busara. Alijiambia mengi, yote mazuri. Kisha akazihamishia picha zilizobaki kwenye diski ya akiba ili hifadhidata ipate pumzi, na sasa, baada ya mwenzake kutolewa nje, akaiandika ile amri ya kupima.

Folda ya picha, hata kabla hajaihamisha, ilikuwa imekula sehemu ndogo tu. Aliyekula diski alikuwa mwingine kabisa. Ilikuwa ni folda ya faili za miamala.

Faili hizo ni za hifadhidata yenyewe, na mtu wa kawaida hana haja ya kuzijua. Mapokezi wanapoandika jina la mgonjwa, hifadhidata hailipeleki moja kwa moja mahali pake. Hulinukuu kwanza kwenye faili ya muamala, ili umeme ukikatika ghafla, ijue ilikuwa inafanya nini. Kazi ikishakamilika na kila anayehusika ameshasoma, faili ya zamani huondoka yenyewe. Hizi hazikuwa zimeondoka. Zilikuwa zimepangana moja nyuma ya nyingine, mamia kwa mamia, na kila dakika iliongezeka nyingine.

Katibu, aliyerudi kuchungulia, aliziona kwenye skrini. "Takataka zote hizo! Si uzifute tu?"

"Ukizifuta kwa mkono unaiua hifadhidata, Bwana Katibu. Itaamka haijijui."

"Basi fanya unavyojua wewe," Katibu akasema, akaitazama saa yake, akapanda ngazi.

Nukta alianza kuuliza maswali, na kila swali lilikuwa amri. Je, nakala ya kila siku ya akiba imeshindwa kuchukuliwa? Hapana, ilikuwa inachukuliwa vizuri. Je, kuna mtu amefungua kazi akaiacha njiani, amekwenda kula? Hapana. Basi zinabaki kwa nini? Likabaki swali moja. Aliiuliza hifadhidata: kuna nani unayemwekea faili hizi?

Hifadhidata ikajibu kwa jina moja. Lilikuwa jina la ile kliniki ndogo iliyokuwa ng'ambo ya barabara.

Nukta aliivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Jina halikubadilika.

Ilikuwa hivi. Kliniki ile ilikuwa na kompyuta yake iliyosoma kila badiliko kutoka kwenye seva kubwa, ili madaktari wa kule waone kumbukumbu zilezile. Nukta ndiye aliyeiunganisha. Seva kubwa aliipa agizo: usitupe faili yoyote ya muamala kabla msomaji wa kliniki hajaisoma. Lilikuwa agizo zuri, la mtu makini. Kisha jengo jipya likakamilika, kliniki ikahamia ndani ya hospitali, na kompyuta ile ikawa haina kazi. Nukta aliizima kwa mkono wake. Alizikunja nyaya zake akazifunga kwa kamba, akaibeba kifuani kama mtoto mpaka stoo. Ilibaki amri moja tu, ya kuiambia seva kubwa kwamba msomaji yule harudi, isimwekee tena.

Alikuwa anakwenda kuiandika aliposikia anaitwa. Wakubwa walikuwa wamejipanga mbele ya jengo jipya kwa picha ya ukumbusho, wakasema haiwezekani Nukta akosekane. Alivaa tai siku ile. Alisimama mstari wa pili, akavuta pumzi ili aonekane mrefu. Baada ya picha kulikuwa na soda, na baada ya soda kulikuwa na hotuba, na amri ile haikuandikwa.

Kwa hiyo seva ilikuwa inatii. Ilimsubiri msomaji ambaye kompyuta yake ilikuwa inakula vumbi stoo nyuma ya mashuka, na kila jina, kila kipimo, kila kidonge kilichoandikwa tangu siku ile ilimwekea.

Nukta aliandika amri. Aliisoma mpaka nukta ya mwisho. Akabonyeza. Hifadhidata ikakaa kimya, kisha ikaanza kuzitoa faili zake za zamani kwa mafungu, na nafasi ikafunguka kwenye diski kama uwanja baada ya mechi. Hakufurahi. Angemwona mtu mwingine aliyefanya jambo kama hili, angemwita mzembe. Neno hilo alikuwa analo, alikuwa amelitumia kwa wengine mara nyingi.

Katibu alikuja jioni hiyo, safari hii bila kutazama saa. "Nimeambiwa diski imebaki tupu! Umezihamisha picha tu, basi, mambo yamenyooka. Kumbe kweli ilikuwa kazi ya yule mama." Akampiga bega. "Wewe ni mtu, Bwana Nukta. Nitakutaja kwenye kamati."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nukta alifungua mdomo. Kilichotoka ni "Asante, Bwana Katibu."

Alitembea kwenda nyumbani amevikwa kilemba cha ukoka, na alijua ni cha ukoka, na hakukivua.

Sebuleni alimkuta shemeji amekaa na mkewe, vikombe vya chai vimepoa mbele yao. Mama Picha alikuwa amelia, lakini alipomwona akajifuta na kanga akajitia furaha.

"Karibu, shemeji. Tunakaa hapa tunahesabu kazi ninazoweza. Dada anasema nipige picha za harusi. Nimemwambia maharusi watakimbia, nitawaonyesha mbavu."

Mkewe hakucheka. "Baba watoto, wewe ndiwe unayeijua hiyo mashine. Huyu anamwaga unga na watoto wake wanasoma. Kweli hakuna la kusema?"

"Nitaangalia," Nukta akasema.

"Mwache, dada," Mama Picha akasema. "Mwenzio naye ana mzigo wake. Nimesikia diski imepona. Ahsante shemeji, angalau hawataniita wakaniambia imejaa tena kwa sababu yangu. Nimeshaanza kujiuliza labda kweli ni mimi. Labda nilipiga picha kubwa mno, sijui. Nilikaa nikawaza, pengine nimekosea siku nyingi na sijui."

Nukta alisema anaumwa kichwa, akaenda kujilaza na viatu miguuni. Angetukanwa angelala. Lakini kushukuriwa, tena na mtu aliyeanza kuamini kwamba kosa ni lake!

Kesho yake alipitia chumba cha eksirei. Kijana wa zamu alikuwa hajui vitu vilipo. Alifungua droo, akafunga, akafungua ileile. Kwenye benchi alikaa mshonaji mmoja, mama mnene mwenye fimbo, amenyoosha mguu. Daktari wa mifupa alikuwa anamweleza kwa upole kwamba picha ya nyonga yake ya mwaka jana haipo, kwa hiyo hawezi kujua kama mfupa umezidi kulika au umebaki vilevile. Ingebidi waanze upya na kungojea.

"Kungoja mpaka lini, daktari? Mimi nakanyagia cherehani mguu huuhuu."

"Mpaka tupate nyingine ya kulinganisha, mama."

Nukta alisimama mlangoni. Picha zile hazikuwa kwenye nakala ya akiba. Nakala ile ilichukua hifadhidata peke yake, na hilo nalo alilijua siku alipotamka neno "futa". Mama yule alimwona amekodoa macho, akamwuliza, "Na wewe baba unasubiri?" Nukta akatikisa kichwa akaondoka.

Hakurudi kwenye chumba chake. Aliomba ruhusa, akaenda mpaka nyumbani kwa Mama Picha, akamkuta uani anafua. Mkewe alikuwepo, anaanika.

"Si picha zako," alisema, bado amesimama, hata salamu hajatoa. "Diski. Haikuwa picha. Ni mimi."

Akaeleza. Alianza kwa maneno ya kazi, faili na miamala, mpaka mkewe akasema, "Sema tuelewe." Akasema waelewe: kwamba aliiambia seva imwekee mtu vitu, mtu akahama, na yeye akasahau kuiambia. Kwamba hakupima. Kwamba alisema "futa" na mbele ya Katibu akasema "punguza". Kwamba amelijua lote hilo tangu jana, na jana alikunywa pongezi.

Mama Picha alilikamua shati alilokuwa amelishika. Alilikamua muda mrefu, hata maji yalipokwisha.

"Jana nilikushukuru," akasema.

"Ndiyo."

"Nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, nikasema ahsante shemeji. Na wewe ukaumwa kichwa."

"Shemeji, naomba unisa—"

"Usiniombe kitu!" Sauti yake ilimfanya dada yake ageuke na nguo mkononi. "Uliniambia likitokea la kutokea, upo. Limetokea. Ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama pale, na sweta lako, unachagua maneno kama mtu anayechagua nyanya!"

Nukta alitazama chini. Povu lilikuwa linapita karibu na viatu vyake.

"Sikuja kutafuta maneno," alisema hatimaye. "Nimekuja kukuuliza niwaambie nini."

"Mimi? Wewe ndiwe msomi wa nukta. Ukiniomba radhi hapa uani watakaosikia ni nguo na dada yangu. Kamati inakaa kesho. Kawaambie wao. Na yule mgonjwa?"

"Nani?"

"Mwenye nyonga. Mshonaji. Picha yake nilisita kuifuta, nilijua atarudi. Nikasema shemeji kasema."

"Nimemwona leo," Nukta alisema. "Itabidi aanze upya."

"Basi mwandike na yeye," Mama Picha akasema, akatumbukiza nguo nyingine.

Kamati ya Nidhamu ilikuwa na utaratibu wake wa zamani, ambao kompyuta hazikuubadilisha. Haikupokea neno la mdomo kutoka kwa asiyeitwa, wala ujumbe wa simu. Anayetaka kusema aliandika kwa mkono, akatia sahihi, akafunga bahasha, na mwenyekiti aliifungua mbele ya wote na kuisoma kwa sauti. Barua ikishasomwa haikurudishwa. Iliingia kwenye jalada la aliyeiandika ikakaa humo mpaka astaafu, na baada ya hapo.

Nukta aliandika mezani kwake nyumbani, mkewe amesimama nyuma yake. Barua ya kwanza ilianza: "Inasikitisha kwamba kulitokea hitilafu katika mfumo wa faili za miamala."

"Kulitokea?" mkewe akauliza. "Yenyewe tu? Kama upele?"

Akaichana. Akaandika nyingine: "Kutokana na shughuli za uzinduzi wa jengo jipya, hatua moja haikukamilishwa."

"Haikukamilishwa na jengo?"

"Mke wangu, niache niandike."

"Nimekuacha miaka yote," mkewe akasema, lakini akavuta kiti akakaa.

Alijua atalipa nini. Kwa kosa la kuficha ukweli mbele ya Katibu mtu hupewa onyo kali, au husimamishwa, au huambiwa akabidhi funguo. Aliyekalia kuti kavu sasa alikuwa yeye. Alijaribu kujipa moyo kwamba huenda wakamsifu kwa ukweli wake, na wazo hilo likamtia kinyaa. Lilikuwa wazo la yule mtu wa mstari wa pili, aliyevuta pumzi aonekane mrefu. Akaandika:

"Mwenyekiti, mimi ndimi niliyejaza diski. Niliizima kompyuta ya kliniki na sikuiambia seva iache kuitunzia faili za miamala. Faili hizo ndizo zilizojaa, picha hazikuhusika. Mama wa eksirei alifuta picha kwa sababu mimi nilimwambia azifute, na neno nililotumia lilikuwa 'futa'. Nilipoulizwa na Bwana Katibu nilisema 'punguza' ili nijilinde. Nilipogundua chanzo nilinyamaza, nikakubali kusifiwa. Miongoni mwa picha zilizopotea ni ya mshonaji mwenye ugonjwa wa nyonga, na sina njia ya kuirudisha. Naomba mama huyu arudishwe kazini. Kwa upande wangu sina ombi."

Mkewe aliisoma, akaisukuma kwake.

Asubuhi alimkuta tarishi wa hospitali chini ya ngazi, mzee mcheshi aliyevaa mkoba wa barua begani utadhani amezaliwa nao. Alikuwa anakusanya bahasha za kupeleka juu.

"Ya kamati? Mbona iko wazi?"

"Nilitaka kuisoma mara moja tena."

"Kwani umeanza kujisahau, Bwana Nukta? Mimi bahasha wazi ya kamati siishiki. Siri ikivuja watasema tarishi kasoma, na mimi miwani yangu imevunjika tangu Pasaka iliyopita. Funga."

Nukta alipeleka gundi ya bahasha kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu, gundi haikushika. Alijaribu tena, kifuniko kikainuka kama mdomo.

"Umekauka kama ukuni," tarishi akasema. "Mate yamekwenda wapi?" Akafungua chupa yake ya maji, akampa achovye kidole. "Paka. Haya. Bonyeza na kiganja, pole pole, mpaka pembeni."

Nukta alibonyeza juu ya ubao wa ngazi. Akaandika nyuma ya bahasha jina lake kamili, kama utaratibu ulivyotaka, akaishika muda kidogo kwa ncha mbili.

"Lete basi, wananisubiri," tarishi akasema, akaichukua, akaitia mkobani kati ya nyingine, akavuta zipu na kuanza kupanda.